Kinyozi wa Jumatatu asubuhi, Section 58 Nakuru: maoni yangu baada ya miezi minane

Nimekuwa nikitaka kuandika hii tangu mwezi wa nne na kila nikianza ama kijana anaamka ama stima inapotea, sasa leo amelala mapema wacha niandike yote mara moja.

Ni kuhusu kinyozi. Kinyozi wa kawaida tu, viti viwili, kioo, ile picha kubwa ya mitindo ukutani, iko Section 58 hapa Nakuru, ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu. Wale hamna mtoto mwenye usonji (autism) mnaweza kushangaa mtu anaandikaje maneno mengi hivi juu ya kunyoa nywele, lakini wenye mko naye mshaelewa kabla sijaanza. Kunyoa, kukata kucha na kupiga mswaki, hizi tatu zimenitoa machozi kuliko karatasi zote za hospitali nimewahi kupewa.

Kijana wangu ana miaka 7. Haongei sana, ana maneno kama 20 hivi na mengine ameyaokota kwa matangazo ya redio anayarudia vile vile na sauti ya mtangazaji, na popote anapoenda lazima aende na kijiko chake chekundu cha plastiki. Blenda ya jirani ikiwashwa anaingia chini ya meza. Sasa fikiria mashine ya kunyoa, inanguruma hapo hapo kando ya sikio, inatetemeka kwa fuvu, na mtu hamjui amemshika kichwa, kuna harufu ya spiriti, redio iko juu, wanaume sita wanabishana mpira. Sisi tunaona kinyozi. Yeye sijui anaona nini lakini mwili wake unaniambia ni kitu cha kutisha sana.

Tulikuwa tunamnyoa akiwa amelala. Saa sita usiku, baba yake ameshika tochi ya simu, mimi na makasi, tunakata upande mmoja leo na mwingine kesho juu akigeuka tu basi, kazi imeisha. Asubuhi unakuta kichwa ni mabaka mabaka na watoto kule kanisani wanamcheka na wazazi wao wananiangalia mimi.

Kabla tufike hapo kwa makasi ya usiku tulikuwa tumejaribu kinyozi mwingine mjini, jina lake sitaji. Yule aliniambia huyu mtoto amedekezwa tu, akaita vijana wawili wamshike mikono na miguu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali, nilikuwa nimechoka na kulikuwa na foleni na kila mtu ananitazama. Alinyolewa kweli. Alikatwa kidogo juu ya sikio na alijikojolea hapo kwa kiti, na yule kinyozi akasema unaona, si imeisha. Kwa miezi mitano hatukuweza kupita ile barabara, hata tukiwa ndani ya mat akiona tu kile kibao anaanza kujipiga kichwa na ngumi. Miezi mitano. Nilikuwa nashuka steji ya mbele natembea na yeye kwa jua ndio tusipite hapo.

Therapisti wetu ndiye alikuja kunieleza kwamba huu si utundu na wala si jambo jipya. Akaniambia mwaka wa 1943 daktari anaitwa Leo Kanner, wa Johns Hopkins kule Baltimore Marekani, aliandika kuhusu watoto 11, na ndani ya hayo maandishi akasema kuna walioogopa mashine ya kufyonza vumbi, mashine ya kupiga mayai, hata upepo. Mashine ya kupiga mayai! Nilisikia hiyo nikalia, juu nilijua mtoto wangu angekuwa hapo angekuwa wa 12. Na 2013 ndio kile kitabu cha vipimo cha madaktari wa Marekani, DSM-5, kiliingiza hii maneno ya sauti na mguso na harufu ndani ya orodha yenyewe ya dalili. Kwa hivyo ukiambiwa mtoto wako anajifanya, hiyo si kweli.

Sasa vile tulimpata huyu wa Section 58.

Sisi wazazi tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wengine wanatoka Kaptembwa, Rhonda, Free Area, mmoja anatoka mpaka Njoro. Mara nyingi tunaongea fomu tu. Nani amepata kadi ya Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu na nani amerudishwa, nani amepeleka mtoto kwa kituo cha asesmenti cha elimu, vile vya EARC vilivyoanza 1984, na akaambiwa nini, shule gani imesema mtoto arudi akishajua kukaa chini. Siku hiyo mama mmoja akasema leo mimi sitaki fomu, mimi nataka kujua hawa watoto wetu wananyolewa wapi. Tulinyamaza wote. Halafu tukaanza kuongea kwa wakati mmoja, na ikatokea kwamba karibu kila nyumba kuna makasi ya usiku na hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia mwenzake, kila mtu alidhani ni yeye peke yake ameshindwa.

Hapo ndio tukaamua tutembee. Nilikuwa nadhani kutetea watoto ni kwenda Nairobi na mabango siku ya usonji duniani, tarehe 2 mwezi wa nne, na hiyo tunafanya tukiweza, lakini kile kimebadilisha nyumba yangu ni wanawake watano na baba mmoja kupanda ngazi za vinyozi wiki mbili mfululizo, wanauliza swali moja: unaweza kutupa saa moja ya utulivu? Tuliingia kwa vinyozi kumi na moja. Kuna alisema leteni, niko na vijana wa nguvu, nikasikia tumbo limenigeuka. Kuna walisema kwa heshima kabisa kwamba wateja wengine watakimbia. Kuna mmoja alicheka tukiwa bado hapo. Huyu wa Section 58 alizima redio kwanza ndio atusikie, halafu akauliza, "Anaogopa nini haswa, ni sauti ama ni kushikwa?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hiyo swali. Hata ofisi nimekaa kwa benchi kutoka asubuhi hadi saa tisa hawakuwahi kuniuliza hiyo.

Vile anafanya ni hivi. Ni Jumatatu kutoka saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku yenye vinyozi hawana watu. Redio na TV zimezimwa, kiti cha pili hakitumiki, anaingia mtoto mmoja na mzazi wake. Kama mtoto hataki kioo anakifunika na leso, anayo moja ya rangi ya maji imekunjwa hapo kwa droo. Ameacha kutumia spiriti na ile poda ya harufu hizo saa. Kwa mlango amebandika manila yenye picha alizopiga na simu yake mwenyewe: ngazi, mlango, kiti, kile kitambaa cha kufunga shingoni, mashine, kichwa kimenyolewa, mtoto anaenda nyumbani. Therapisti wa kikundi chetu alikuja akakaa naye asubuhi moja akamwonyesha vile ya kupanga hizo picha, na zingine amezifikiria mwenyewe. Mtoto anaangalia anajua kitu gani kinafuata na kitaisha lini. Hiyo ya kuisha ndio kubwa, juu mtoto wangu shida yake si maumivu tu, shida ni kutojua kama hii kitu itaendelea milele.

Siku ya kwanza hatukunyoa. Alikaa kwa kiti dakika kumi akizungushwa, anapenda kitu chochote kinazunguka, tukaenda nyumbani. Jumatatu ya pili akapewa mashine ikiwa imezimwa, akaishika, akailamba, hakuna mtu alimkemea. Ya tatu ikawashwa mbali kule kwa mlango, akaziba masikio, ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa, mpaka yeye mwenyewe akawa anaonyesha na kidole iwashwe. Kuna zile kinga za masikio mafundi wa grinda wanavaa, tulinunua kwa hadwea, na hizo pia zilisaidia ingawa zinambana na kinyozi lazima azisogeze akifika upande.

Ya nne ndio siwezi kusahau. Kijana alikuwa ameshika kijiko chake kama kawaida, na kinyozi badala ya kumnyang'anya akachukua mgongo wa mashine akaugusisha kwa kijiko. Kijiko kikatetemeka. Mtoto akanyamaza akaangalia kijiko, akakigusa na mdomo, kikatetemeka, akacheka ile kicheko ya tumbo. Halafu akachukua mkono wa kinyozi, mkono wa mtu si wa familia, akauweka na mashine juu ya goti lake. Halafu kwa mkono. Halafu kwa shingo. Tulinyoa shingo peke yake siku hiyo na nilitoka hapo nimeshika ukuta wa ngazi.

Jumatatu ya tano kichwa chote, namba mbili, dakika 50, mapumziko mara tatu. Hakuna mtu alimshika.

Nikimlipa nikaanza kuomba msamaha vile nimezoea kuomba kila mahali, pole kwa kelele, pole kwa muda wako, akaniambia, "Mathe, wacha kuniambia pole, hakuna kitu umeharibu." Nimebeba hiyo maneno. Mamangu mkwe alisema ni laana upande wetu, kuna jirani alisema ni simu, nilimpa simu mapema, kuna mtu wa maombi aliuliza nilifanya nini nikiwa na mimba. Na hii ya kulaumu mama haikuanzia kwetu, huko Marekani kwa miaka mingi kuna wataalamu walisema usonji unaletwa na mama baridi asiyependa mtoto wake, mpaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na usonji, akaandika kupinga hiyo kwa ushahidi, akasema hii ni mambo ya ubongo. Mwaka uliofuata yeye na wazazi wenzake wakaanzisha chama. Hapa Kenya pia wazazi ndio walianzisha Autism Society of Kenya mwaka wa 2003, na mwaka huo huo yuniti ya watoto wenye usonji ikafunguliwa City Primary, Nairobi. Ukiangalia vizuri kila mahali ni mzazi amechoka ndio anagonga mlango wa kwanza.

Bei. Zile siku hakunyoa alitaka kukataa pesa kabisa, tukamlazimisha achukue 50, juu ameacha kiti kikae bure na yeye analipa rent. Kunyoa kamili ni 250, mtoto mwingine hapo ni 100. Mimi naona ni sawa, anatumia saa nzima. Lakini niseme ukweli, mama wa Kaptembwa anayefua nguo za watu, mara tano kwenda na kurudi na mtoto hawezi kukaa kwa mat iliyojaa kwa hivyo anachukua boda, hiyo ni pesa kabla hata unywele mmoja haujaanguka. Juu ya hiyo therapi tunalipa mfukoni. Kikundi kinachanga kidogo kwa wale wawili hawawezi, na haitoshi.

Kuna vitu havipendezi na lazima niandike. Ngazi ni nyembamba na hazina mahali pa kushika, kuna mtoto wetu mmoja ana usonji na pia kifafa na mama yake anambeba mpaka juu akiwa na miaka 9. Hakuna choo karibu, unashuka chini uombe funguo. Stima ikipotea yule wa duka la simu anawasha jenereta hapo chini ya dirisha na siku imeharibika, ilitufanyia hivyo mara moja tukarudi hatua mbili nyuma, ikabidi tuanze tena na mashine imezimwa. Mara nyingine mwenyewe alikuwa ameenda matanga na hakutuma ujumbe, tukampata kijana wake ambaye hakuwa ameelezwa, redio iko juu, na mtoto wangu akikuta mahali si vile picha ilisema anaanguka chini hapo hapo. Nilimwambia kinyozi na alisikitika kweli, siku hizi anapiga simu Jumapili jioni. Na Jumatatu asubuhi ni shule. Mwalimu wetu ni muelewa lakini si wote, kuna mama ameambiwa mtoto akikosa tena nafasi itapewa mwingine.

Halafu kulikuwa na keyatekta wa hiyo jengo. Alikuja kulalamika watoto wanapiga kelele kwa ngazi, wapangaji hawafurahi, tutafute mahali pengine. Mama mmoja wetu ana kifungu cha 54 cha Katiba kwa simu yake, amekihifadhi kama picha, akamsomea pole pole bila kugombana, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Akamweleza pia kuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa sahihi mwezi wa tano 2025 ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Yule mzee akauliza, kwani hata hawa watoto wako ndani ya hiyo? Hawana kiti cha magurudumu. Akaelezwa. Aliondoka, na Jumatatu iliyofuata alikuwa amefagia ngazi mapema. Sijui alifikiria nini lakini alifagia.

Hiyo swali lake nalisikia kila mahali. Ulemavu wa mtoto wangu hauonekani mpaka auonyeshe, na akiuonyesha wanasema ni mkorofi. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 kaunti ya Nakuru. Nimepigia hesabu kwa simu inakuja kama 17,000, wacha hata tuseme ni nusu, wacha tuseme ni robo. Wako wapi? Wako kwa nyumba. Wananyolewa na tochi. Na kiti chenye kinawangoja ni kimoja, masaa matatu, siku moja kwa wiki, na mwenye kiti hajawahi kusaidiwa na mtu hata shilingi, hata cheti hana, alijifunza kwa sababu aliuliza.

Tumeandikia ofisi ya kaunti barua, kikundi kimesaini, tukiomba kitu kidogo tu: wale wanaopewa leseni za biashara ya vinyozi na saloni wapewe angalau mafunzo ya siku moja, na wale wanaotenga saa ya utulivu wapunguziwe ada ya leseni. Barua ilipokelewa ikapigwa muhuri. Tunafuatilia.

Jina la kinyozi siliandiki hapa juu ameniomba, ana nafasi ya watoto watatu ama wanne kwa Jumatatu na tayari wako wengi wanaongoja, anatafuta mtu wa pili wa kufundisha ndio aongeze siku. Kama uko Nakuru na una mtoto, uliza kwa vikundi vya wazazi, wanamjua. Mpigie kwanza, usiende tu. Beba kitu mtoto anapenda hata kama ni kifuniko cha sufuria, usimnyang'anye mlangoni. Mvalishe shati la vifungo ndio usilivute juu ya kichwa ukimaliza, nywele zikimwasha shingoni zinaharibu kazi yote. Na usiahidi mtu yeyote kwamba atanyolewa siku hiyo, wala usimwahidi baba yake.

Nampa nyota nne. Ya tano naiweka mpaka ngazi zipate mahali pa kushika, na mwenye jengo ndiye anafaa kuiweka, si yeye.

Sasa kuna kitu kimoja kimetushinda kabisa. Wasichana. Kwa kikundi tuna wasichana watatu na kusukwa ni saa mbili tatu za kuvutwa nywele, hawawezi, na mama zao wanataka wawe na nywele kama wasichana wengine wa familia, si lazima wanyolewe kipara kila mwezi juu hakuna njia nyingine. Mmoja ana miaka 12 na ameanza kuonyesha picha za rasta kwa simu ya dadake, anaonyesha na kidole halafu anagusa kichwa chake. Tumezunguka saloni nane tangu mwezi wa sita na hatujapata hata moja. Kama wewe ni msusi, ama dada yako ni msusi, hapa Nakuru ama hata Gilgil au Molo, na unaweza kuzima redio asubuhi moja kwa wiki na ukasuka mistari miwili leo na miwili wiki ijayo, niandikie. Tutakuja na picha zetu, tutakuja na therapisti, na tutalipa hata siku hujasuka.